Mpangilio wa Kutoka Zizini

Jioni moja, muda mfupi kabla ya bei za mifugo kusomwa hewani, Nasike alikuwa ameketi katika studio ya redio mjini Lodwar, mkono mmoja ukishika ndizi na mkono wa pili ukifunga bano la mwisho kwenye kompyuta. Feni juu ya kichwa chake ilizunguka kwa kulalamika. Nje ya dirisha, mbuzi wa jirani walikuwa wanatafuna boksi la sabuni. Nasike alibonyeza kitufe, spika zikatoa sauti nne kwa mpigo mmoja, na mbuzi wakaacha kutafuna.

Walisimama hivyo hivyo, vipande vya boksi vikining'inia midomoni, mpaka sauti ilipofifia. Kisha wakaendelea na shughuli yao.

Punde simu ya studio ikaanza kulia. Mtu wa sokoni alisema punda wa kubeba maji wamesimama katikati ya barabara na madereva wanapiga honi. Mwingine, kutoka upande wa Kawalase, alisema ngamia wake ameganda mguu mmoja ukiwa hewani, akauliza kwa upole kama kipindi kimeanza au bado. Lodwar ni mji wa joto kali, na watu wake hawapotezi nguvu kwa kushangaa.

Mlango ulifunguka. Aliyetia kichwa ni Wanjugu, meneja wa kituo, mwanamke aliyekuja kutoka Nyeri kwa mkataba mfupi akasahau kuondoka.

"Nasike, ni wewe unasimamisha mifugo ya watu?"

"Nafikiri ni ile kordi."

"Basi ivunjevunje. Watu wanataka kufika nyumbani."

Kituo kilihitaji muziki mpya wa kufungulia kipindi, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa na wenyewe na wenyewe walikuwa wameanza kuuliza maswali. Nasike alikuwa fundi mitambo, na alijua kutunga muziki kwa lugha moja ya kompyuta aliyojifunza Kakuma. Ni lugha ya mabano. Ndani kabisa unaandika orodha ya sauti, nje yake unaandika sauti hizo zifanye nini, na nje ya hapo mabano mengine tena, mfano wa boma la Waturkana lenye zizi ndani ya ua na ua ndani ya ua. Ukisahau kufunga mahali, kila kitu kinatoroka. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuandika amri inayojiita yenyewe: inapiga sauti moja, inajipangia itarudi lini, inalala kidogo, inaamka. Na unaweza kuibadilisha wakati bado inapiga.

Sauti zikitoka zote pamoja, hiyo ni kordi. Zikitoka moja moja, kila moja ikimpisha mwenzake, wanamuziki huita arpejio. Kuvunja kordi iwe arpejio ni kazi ya mstari mmoja tu, na Nasike aliumaliza kabla ya kumaliza ndizi.

Kesho yake alizipanga kutoka sauti nzito kwenda nyembamba, kama vitabu vinavyofundisha. Mbuzi wa Lodwar wakapanda. Walipanda juu ya mapaa, juu ya matangi, juu ya malori yaliyokuwa yanapakiwa, na mmoja akasimama juu ya hoteli ya chai karibu na stendi akitazama mbali. Bei zilipokwisha kusomwa wakashuka wenyewe.

Siku iliyofuata alizigeuza, kutoka nyembamba kwenda nzito. Wanyama wakashuka hadi kwenye mchanga wa Mto Turkwel, mbuzi, punda, kondoo na ng'ombe wachache wa mjini, wote wakageukia upande wa barabara ya Kakuma, wakaanza kuchimba kwa kwato. Walichimba bila haraka na bila kelele, na hawakuwa wanatafuta maji, maana maji walikuwa wamesimama karibu nayo. Waliokuwa wanafua nguo walisogeza mabeseni yao. Nasike alipoelezwa habari hiyo kwenye simu alihisi baridi mgongoni, na Lodwar mtu hahisi baridi ovyo.

Alimpigia Santino. Santino ndiye aliyemfundisha lugha ya mabano, katika darasa la kompyuta kambini Kakuma, alikokulia Santino mwenyewe tangu aletwe mgongoni kutoka Sudan Kusini.

"Manze, acha mashine ijichagulie yenyewe," Santino alisema. "Hii leo, ile kesho. Hata wewe usijue inafuata gani."

Alijaribu. Jioni ile mifugo ya mji mzima iliingiana, mbuzi wa huyu wakalala kwa yule, na kesho yake watu wakashinda wakikagua masikio kutafuta alama zao. Wanjugu alisema kwamba akiletewa tena mbuzi ofisini kama ushahidi, atarudi Nyeri.

Sasa, sauti zenyewe. Zilikuwa za kengele nne za nyumbani kwa kina Nasike. Ya kwanza ilikuwa kopo la mafuta ya kupikia lenye kokoto ndani, ya punda. Ya pili ya chuma kilichofuliwa, ya maksai mweupe ambaye pembe zake zilipindwa tangu utoto zikakutana juu ya kichwa. Ya tatu ya mbao, ya ngamia jike. Ya nne ndogo kabisa, imekatwa kwenye kipande cha bomba la maji, ya mbuzi mkubwa. Darasani Kakuma waliambiwa walete sauti za nyumbani, na Nasike alizirekodi kwa simu huku kaka yake, Ereng, akimtikisia moja baada ya nyingine na kucheka.

Ereng alitoka na wanyama hao asubuhi moja ya mvua, mwaka ambao barabara ya Lodwar kwenda Kakuma ilikuwa inawekwa lami. Hakurudi. Maofisa walisema amevukia mpakani Namoruputh akaingia Uganda kutafuta majani, jinsi wachungaji wanavyofanya, na akishiba atarudi. Watu waliotoka Uganda waliulizwa, wakasema huko hajaonekana mtu wa sura hiyo wala maksai wa pembe hizo. Maofisa wakasema Uganda ni kubwa.

Mama yao, Abei, hakubishana na mtu. Kila msimu alikata miiba mipya akaziba zizi ambalo ndani yake hapakuwa na kitu. Aliweka sawa jiwe la mlangoni. Kigoda cha Ereng cha kulalia kichwa kilikaa pale pale alipokiacha. Abei alitaka jambo moja tu duniani, kujua mwanawe amelala wapi, na kumrudisha nyumbani. Nasike alitaka hilo hilo, ila yeye alikuwa na aibu ya kulisema, kwa sababu alikuwa mjini akila mshahara na ndizi.

Jumamosi Abei alimwita. Boma lake liko nje ya mji, pembeni mwa barabara ile ile ya Kakuma, na redio yake hutundikwa kwenye nguzo ya kibanda.

"Ejok, mama."

"Ejok. Kaa chini. Nani anatoa mifugo namna hiyo?"

"Namna gani?"

"Wiki nzima nasikia wanyama wangu redioni wamevurugwa." Abei alizungumza Kiturkana, na kwa Kiturkana hakuwa mtu wa kubembeleza. "Mara mbuzi mwisho, mara mbuzi mwanzo, mara nusu ya zizi inakanyaga nusu nyingine. Wewe ni mtoto wa boma hili au ulinunuliwa?"

Nasike alieleza kuhusu sauti nzito na sauti nyembamba. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima ya elimu, kisha akaokota mawe manne akayapanga mchangani. Punda hutoka wa kwanza kwa sababu anajua njia. Ngamia hufuata, maana akicheleweshwa anakasirika. Mbuzi baada yake, na mwisho maksai, ambaye hana haraka na mtu. Kila zizi lina mpangilio wake wa kutoka. Mwenye boma akiwa bado amelala husikia kengele zikipita mlangoni, na mpangilio ukiharibika anajua kuna mnyama mgonjwa, au kuna mtu ndani asiye wa hapo.

Nasike aliyatazama mawe. Alikuwa ameamka kwa mpangilio huo utoto wake wote, na hata siku moja hakufikiria kuuandika ndani ya mabano. Alijiona mjinga kwelikweli.

Jumatatu aliupanga muziki upya kwa mpangilio huo, akamwachia Wanjugu kitufe, akarudi nyumbani kabla ya saa ya kipindi. Alimkuta mama ameketi mbele ya zizi pamoja na Lomuria, jirani aliyezoea kupita jioni kunywa chai. Lomuria alikuwa mlinzi wa mitambo wakati barabara ikijengwa, na tangu wakati huo hakukosa hata siku kwa Abei. Alimletea kuni. Alimsaidia wakati wa kukata miiba.

Kopo la kokoto lililia redioni. Punda akatoka zizini.

Zizi lilikuwa tupu na sasa punda alikuwa mlangoni, ndivyo ilivyokuwa. Kengele ya mbao ikalia, ngamia akatoka akiinamisha shingo chini ya mti wa mlango. Kipande cha bomba, na mbuzi mkubwa akatoka. Kisha chuma, na maksai mweupe akapita na pembe zake, bila haraka na mtu. Shingoni walikuwa wamevaa kengele zao lakini kengele hazikulia zenyewe. Waliinua mguu pale tu redio ilipotoa sauti ya kila mmoja, na kati ya sauti na sauti walisubiri.

Walikuwa wamelowa. Udongo wa kijivu uliwashika mpaka mabegani, mbichi, unang'aa, na ingawa jua lilikuwa bado kali haukukauka. Abei alipapasa ubavu wa ngamia, akanusa vidole vyake.

"Wamekonda," alisema.

Lomuria alipouona udongo huo aliweka kikombe chini. Hapo karibu udongo wote ni mwekundu.

Abei aliitoa redio kwenye nguzo, akaikumbatia, akawafuata. Nasike akafuata, na Lomuria nyuma yao. Huko mjini Wanjugu, alipoona hakuna simu inayolia, aliuacha muziki uendelee chinichini ya matangazo, kwa hiyo walitembea kando ya barabara mpya huku sauti ya mtangazaji ikisoma bei za mbuzi wa Kalemng'orok, na wanyama wakikanyaga lami mguu baada ya mguu. Baada ya laga, mto wa msimu uliokauka, pale barabara inapoinuka kidogo kabla ya kunyooka, punda alisimama. Akalala katikati ya lami. Ngamia akapiga magoti nyuma yake, akafuata mbuzi, akafuata maksai.

Redioni matangazo yalikwisha na muziki ukakatika. Kengele hazikukatika. Ziliendelea kulia chini, ndani ya barabara, kwa mpangilio ule ule, sauti imefunikwa lakini inasikika kwa miguu.

Malori ya chakula yaliyokuwa yanaelekea Kakuma yalizima injini. Dereva mmoja alishuka, akanyoosha mgongo.

"Mama, hawa ng'ombe yako watasonga?"

"Wamefika," Abei alimjibu kwa Kiswahili.

Dereva akatikisa kichwa, akarudi kutafuta thermosi yake ya chai.

Lomuria alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa lami. "Hapa palikuwa na shimo," alisema. Halikuwa na ua. Kampuni ilichota changarawe hapo, mvua ikalijaza maji, na Ereng akateremsha wanyama wanywe. Ukingo ukawaangukia. Lomuria alisikia kengele kutoka alipokuwa analinda mitambo, akakimbia kuwaita wakubwa, na wakubwa walikuja, wakatazama, wakamwambia aende nyumbani apumzike. Aliporudi palikuwa tambarare na mashine ya kushindilia ilikuwa inapita juu.

"Umekunywa chai kwangu miaka yote hii," Abei alisema.

"Nimekunywa."

"Ukaniletea kuni."

"Nilikuwa natafuta namna ya kusema, Abei."

Abei hakumtukana. Alikaa chini kando ya maksai, akaanza kulia, kwa sauti, kilio alichokuwa amekinyima nafasi tangu mwaka wa mvua ile. Nasike alimshika mabega. Malori yalisubiri mpaka wanyama walipofifia pamoja na mwanga, kisha yakawasha injini yakapita juu ya mahali hapo, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Siku ya pili yake mhandisi wa kampuni, Kamande, alikuja mahali pale na gari safi na kofia ngumu. Alikuwa mtu mpole, mwenye uso wa kuchoka. Hakukana neno hata moja, na hilo lilimtisha Nasike kuliko uongo.

"Pole sana, mama," alisema. "Ilikuwa ajali. Na barabara ilikuwa na tarehe yake. Wageni wa kuifungua walikuwa wameshaalikwa."

"Nataka mtoto yangu," Abei alisema.

"Kukata lami lazima kibali kitoke. Na kibali kinataka sababu."

"Sababu hiyo, imelala hapo. Wewe haoni?"

Kamande aliwatazama wanyama, ambao jioni ilikuwa imewaleta tena. Alimtazama hasa maksai, akapangusa udongo wa kijivu ulioruka kwenye suruali yake.

"Mnyama si sababu, mama," alisema kwa huzuni. "Mnyama ni kizuizi barabarani."

Kwa hiyo kampuni ilishughulikia kizuizi. Ndani ya wiki palikuwa na tuta zuri la lami, na kabla ya tuta kibao chenye picha ya ng'ombe. Polisi walipoulizwa walisema kwao imeandikwa kwamba Ereng yuko Uganda, na mtu hawezi kuwa Uganda na chini ya barabara ya Kenya kwa wakati mmoja. Madereva walizoea. Walipunguza mwendo jioni, wakasubiri, wakapita. Wengine walianza kusimama hapo kununua mkaa, na kina mama wawili wakafungua kibanda cha chai.

Nasike akawaza kwamba kama upo mpangilio wa kuwatoa, basi uwepo na wa kuwarudisha. Lugha ya mabano ina neno moja la kugeuza orodha, la mwisho liwe la kwanza. Aliliandika. Jioni hiyo wanyama waliondoka barabarani kurudi nyumbani kinyumenyume, makalio mbele, maksai akitangulia bila kuona aendako, na punda akafika zizini ametazama Kakuma. Lilikuwa jambo baya kulitazama. Hata Lomuria, ambaye sasa alikunywa chai akiwa amesimama nje ya ua, aligeuza uso.

"Nani anarudi nyumbani hivyo?" Abei aliuliza. "Kurudi ni kurudi, si kutoka kulikogeuzwa."

Akaokota tena mawe. Ngamia mbele kwa sababu aliacha ndama, mbuzi akimfuata akipiga kelele, maksai, na punda mwisho akiburuta miguu na mizigo. Nasike aliandika orodha ya pili, akaiweka baada ya kipindi. Jioni iliyofuata walirudi vizuri, nyuso mbele, mmoja mmoja, wakaingia chini ya mti wa mlango. Abei alikuwa ameshika tawi la miiba la kufungia. Alipogusa mgongo wa punda, wa mwisho, hakulifunga. Aliendelea kulishika wazi, jinsi mtu anavyomngojea mchungaji apite.

Walingoja. Nyuma ya punda palikuwa na njia tupu na kivumbi kidogo kinachotulia.

"Mwite," Abei alisema.

"Mama, hakuwa na kengele."

"Mchungaji hafungwi kengele."

"Najua."

"Basi mwite kwa kingine."

Kulikuwa na kingine. Siku ile ya kurekodi, kila alipomaliza kutikisa kengele Ereng alipiga mluzi wake, ule mrefu unaokatika katikati, ambao mbuzi wake waliujua kuliko jina la mtu yeyote. Ulikuwemo kwenye simu. Na darasani Nasike aliukata, mara zote nne, ili kengele zibaki safi.

Alikwenda Kakuma. Gari lilipofika kwenye tuta lilipunguza mwendo na abiria wakachungulia lami, kisha wakaendelea kuzungumza. Kambini alimkuta Santino katika darasa lile lile, ila kompyuta zilikuwa mpya. Za zamani zilikuwa zimefutwa na kupelekwa kwingine. Simu ya zamani ya Nasike ilikuwa imeingia maji ziwani Longech siku nyingi zilizopita.

"Mimi ndiye nilikwambia ukate," Santino alisema. "Nilisema kelele zote toa. Nilikuwa najifanya mwalimu." Aliinamia meza akashika kichwa. "Samahani, Nasike. Wallahi, samahani."

Alikuwa na nakala ya zile sauti zilizosafishwa tu. Walizifungua, wakazivuta kwenye kioo mpaka zikawa milima na mabonde, wakatafuta ukingoni mwa kila moja. Tatu zilikuwa zimekatwa vizuri. Ya nne, ya mbuzi, Nasike alikuwa amechoka alipoikata, na mwishoni mwake pamebaki kitu kidogo sana. Mluzi wenyewe haumo. Ni ile pumzi mtu anayovuta kabla ya kupiga mluzi.

Nasike aliitia ndani ya mabano peke yake, mwishoni mwa orodha ya kurudi, mahali pa mchungaji.

Jioni hiyo, ilipofika zamu yake, lami pale kwenye mwinuko ilipanda. Ilipanda polepole, kifua cha mtu anayevuta hewa, ikakaa juu, ikashuka. Redio ilipoirudia ikapanda tena. Haikupasuka. Abei alikuwa amekaa ukingoni na mkono wake ukiwa juu ya barabara, na mkono ukapanda na kushuka nayo mpaka muziki ulipokwisha. Aliondoka hapo ametulia kidogo, lakini aliondoka peke yake. Pumzi haikutosha kumrudisha mtu nyumbani.

Kampuni ilileta mashine ikashindilia mchana. Jioni lami ikapanda. Ikashindilia tena, kisha Kamande akaandika kwamba mwinuko huo unapunguza mwendo wa magari ipasavyo, na tuta la kwanza likaondolewa kwa kuwa halihitajiki.

Mwaka huu kampuni hiyo hiyo imepewa kipande kingine cha barabara, upande wa ziwani. Mashimo yameshaanza kuchimbwa na bado hayana ua. Lakini haiwezi kusemwa kwamba kampuni haikujifunza kitu. Imeleta kengele za wachungaji, katoni kwa katoni, za rangi ya manjano, zimetengenezwa kiwandani, na watu wake wamepita boma kwa boma wakiwafungia vijana kifundoni kwa ribiti, misumari ya chuma inayopondwa ncha, ili zisipotee. Palikuwa na sherehe na soda. Kina mama walizipokea, kwa sababu habari za Ereng zilikuwa zimefika, na kila mtu alikuwa ameelewa kwamba alichokosa Ereng ni kengele.

Wakaanza kuja redioni. Wanakaa kwenye benchi nje ya studio, kila mmoja na kijana wake, na Nasike anawaingiza mmoja mmoja. Anamwambia kijana akanyage chini mara kadhaa, kisha apige mluzi wake wa kuchungia. Siku hizi hakati kitu, hata kikohozi anakiacha. Lakini kengele ya kiwandani ina sauti pana, nayo inalia kijana akipumua tu, na mluzi wote unazama ndani yake. Amejaribu kuwaomba wavue. Ribiti haivuliki.

Juzi Abei alikuja studio kwa mara ya kwanza. Alikataa kiti, akakaa sakafuni, na Nasike akamvalisha vipokea sauti vya masikioni. Akaifungua orodha ya sauti za vijana wa upande wa ziwa, ndefu kuliko kioo cha kompyuta. Akaipiga kutoka juu kwenda chini. Akaipiga kutoka chini kwenda juu. Akaipiga kwa mpangilio ambao kila boma lilimwambia.

Abei alisikiliza macho yamefumbwa, vidole vyake vikitafuta mawe sakafuni.

"Hawa ni wangapi?" aliuliza.

"Wengi, mama. Ni wote."

"Mimi nasikia mmoja tu. Na hatembei."

Alivua vile vipokea sauti, akamrudishia. Nje benchi lilikuwa limejaa, na kila mtoto aliyejisogeza kumpisha mwenzake alitoa sauti ile ile. Nasike alifungua mlango akaita anayefuata.